Namba 4 mbili: kisa cha mfugaji wa mbuzi, koyote na choki ya shotgani

Kisa hiki kinaihusu familia moja ya Wakongomani inayofuga mbuzi Texas. Iliwajeruhi koyote wawili na kuwapoteza kichakani kabla ya kujua kwamba bunduki yao haikuwa na kasoro yoyote. Ni shotgani, bunduki inayorusha punje nyingi kwa mkupuo mmoja, na ilikuwa imelishwa katriji isiyofaa, ikapitishwa kwenye choki isiyofaa (choki ni kibanio cha mdomo wa mtutu kinachoamua punje zitawanyike kiasi gani), ikafyatuliwa kwa umbali usiofaa. Nimeandika kwa idhini yao, na majina, wilaya na alama za shamba nimeziondoa. Mimi niliingia katika sehemu ya pili, walipotafuta mtu wa kusimamia majaribio ya shabaha. Sehemu ya kwanza nimeisikia kwao, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao yanaoana kwa kila kitu isipokuwa umbali. Kwenye umbali kila mmoja alikuwa na mita zake.

Kwa ambaye hajamwona: koyote ni mnyama wa Amerika Kaskazini wa jamii moja na mbweha wetu, ila ni mkubwa zaidi. Kule magharibi mwenye uzito wa kilo 10 hadi 16 ni wa kawaida. Hula karibu chochote, panya, sungura, matunda, mizoga, na mbuzi mchanga akimpata hamwachi. Nayasema haya nikijua kwamba mbweha wanasumbua wafugaji Afrika Mashariki pia, lakini sheria ni nyingine kabisa: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na Tanzania huwezi kuingia porini na bunduki bila kibali. Kinachosimuliwa hapa ni cha Texas.

Usuli

Familia ilitoka Kivu, ikapita kambini, ikafika Marekani kwa mpango wa wakimbizi. Sehemu ya magharibi ya kati ya Texas, Abilene ikiwemo, imepokea Wakongomani wengi, na mtu akitoka huko hakosi kuuliza nyama ya mbuzi inauzwa wapi. Mkubwa wa nyumba, ambaye nitamwita Mzee, aliona soko hilo mapema. Akakodi kipande cha ardhi nje ya mji, akaanza na majike wachache wa mbuzi wa nyama. Mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, ndiye aliyeshika kazi ya kila siku.

Ardhi yenyewe ni nyembamba na ndefu. Upande mmoja ni barabara ya changarawe, upande wa pili ni nyumba ya jirani, Mmarekani mzee aliyefuga kondoo miaka mingi kabla hajastaafu. Katikati kuna korongo lenye vichaka vya mesquite na miti midogo ya jamii ya mwerezi, iliyosongamana kiasi kwamba ukisimama ukingoni huoni zaidi ya mita 40 mbele yako. Mahali pachache panafunguka.

Mbuzi walianza kuzaa mwezi wa Februari. Katika wiki za mwanzo wana-mbuzi kadhaa wakafa usiku. Mzee aliamini ni mbwa wa mitaani, kwa sababu aliwaona. Jirani ndiye aliyemwambia, "Usikisie, mchune." Wakauchuna mzoga mmoja uliokuwa bado mpya. Chini ya ngozi ya koo kulikuwa na matundu ya meno na damu iliyovilia, na mwili wote uliobaki haukuwa na jeraha la kung'atwa ng'atwa. Mbwa wasio na mafunzo hushambulia ovyo, miguu, mapaja, masikio, mahali popote. Koyote anayejua kazi yake hukaba koo. Damu kuvilia inaonyesha mnyama aling'atwa akiwa hai, si mzoga ulioliwa baadaye. Uchunguzi huu ulichukua dakika chache, nao ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki, maana bila huo wangeanza kuwapiga risasi mbwa za watu.

Kwa nini shotgani

Jirani alikuwa na raifo ya .223, silaha ambayo wawindaji wengi wa koyote huichagua, akajitolea kuwaazima. Mzee alikataa. Risasi ya raifo hiyo ikikosa shabaha inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu, na yeye alikuwa na barabara kulia na nyumba kushoto. Isitoshe, raifo yenye darubini haina faida kubwa pale ambapo macho yako yanaishia mita 40. Kwa eneo hilo shotgani ilikuwa chaguo sahihi.

Shotgani nayo ina umbali wake wa hatari. Ipo kanuni ya zamani inayohusishwa na Mfaransa Journée: chukua kipenyo cha punje kwa inchi, zidisha kwa 2200, unapata yadi ambazo punje inaweza kufika mwisho kabisa ikipigwa juu. Punje ya inchi 0.24 inafika yadi 528, karibu mita 480. Punje ya inchi 0.33 inafika yadi 726, zaidi ya mita 660. Kwa hiyo hata kwa shotgani walikubaliana kupiga wakielekea korongoni tu, ukingo wa pili ukiwa nyuma ya shabaha.

Bunduki waliyonunua ilikuwa ya geji 12 (ndicho kipimo cha upana wa mtutu), ya kusukuma kwa mkono, chemba, yaani sehemu inapokaa katriji, ya inchi 3, mtutu wa sentimita 71. Ndani ya kisanduku kulikuwa na choki tatu za kufunga kwa skrubu mdomoni mwa mtutu: moja imechongwa herufi IC, inayobana kidogo, nyingine M, ya wastani, nyingine F, inayobana kuliko hizo mbili. Mzee ana ukaazi wa kudumu, kwa hiyo ununuzi haukuwa na tatizo. Mpwa alimaliza kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo Texas inamtaka kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971 aifanye. Sheria ya jimbo inamlegezea mwenye shamba anayemuua koyote anayeshambulia mifugo yake, lakini walinunua leseni hata hivyo. Mzee alisema hataki kumweleza askari wa wanyamapori kwa Kiingereza chake yeye ni nani na koyote alikuwa anakwenda wapi.

Yaliyotokea mwanzoni

Mpwa alisoma na kuuliza huku na huku. Aliyosikia yalikuwa sahihi, ila yalikuwa nusu. Aliambiwa, "Koyote mpige kwa namba 4, tena kwa choki inayobana sana." Akaenda dukani akarudi na katriji za inchi 3 zilizoandikwa namba 4, na choki ya ziada ya kuwindia bata mzinga, inayobana mtutu kuliko hata ile ya F.

Katriji hizo zilikuwa za bata mzinga pia. Marekani kuna namba 4 mbili. Ipo namba 4 ya marisau ya ndege, yenye punje za inchi 0.13, milimita 3.3, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 0.2 hivi. Na ipo namba 4 ya bakshoti, marisau makubwa ya kupigia wanyama, yenye punje za inchi 0.24, milimita 6.1, gramu 1.3 kila moja. Punje ya pili ni nzito zaidi ya mara sita. Aliyemshauri alimaanisha bakshoti, kwa sababu miongoni mwa wawindaji wa koyote hakuna anayehitaji kulisema neno hilo zima. Mzee alipoona picha ya ndege kwenye boksi aliuliza. Jibu alilopewa analikumbuka vizuri: "Mjomba, namba nne ni namba nne."

Asubuhi ya kwanza waliweka kipaza sauti cha kielektroniki kinachotoa kilio cha sungura aliyeumia, wakakiweka mbali nao, karibu na kichaka, ili koyote aangalie kule asiwaone. Akaja mmoja, akasimama karibu na kipaza sauti. Mpwa akafyatua. Koyote akaanguka, akazunguka akijing'ata ubavu, akainuka, akaingia korongoni. Walimtafuta hadi mchana. Damu ilikuwa kidogo, manyoya mengi.

Wakahitimisha kwamba punje ni ndogo mno, na hapo hawakukosea. Dawa waliyoichagua ndiyo iliyoleta tatizo la pili: waliruka kutoka kwenye punje ndogo hadi kwenye kubwa kuliko zote zilizokuwepo dukani, bakshoti ya 00, inchi 0.33, gramu 3.5 kila moja, punje 15 tu katika katriji ya inchi 3. Choki wakaiacha ileile ya bata mzinga. Siku nyingine akaja koyote wa pili, akasimama palepale karibu na kipaza sauti, Mpwa akapiga. Mguu wa nyuma ukavunjika. Naye akaenda zake kwa miguu mitatu.

Hapo Mzee akasema basi. Maneno yake kwa mpwa wake, kama alivyonisimulia, yalikuwa makali: yeye alikuja kulinda mbuzi, hakuja kutesa wanyama, na koyote mlemavu anayeshindwa kumkimbiza sungura atakuja kwa mbuzi mara mbili. Bunduki ikafungiwa kabatini hadi ijulikane inapiga wapi.

Majaribio kwenye karatasi

Walichokuwa hawajafanya hata mara moja ni kufyatua kwenye karatasi. Tulikusanya makatoni ya majokofu, tukayapigilia kwenye fremu za mbao mbele ya ukingo wa korongo, tukapima umbali kwa utepe na si kwa macho. Katika kila katoni tulichora duara la sentimita 76, ambalo ndilo kipimo cha kawaida cha mtawanyiko wa shotgani, na ndani yake duara dogo la sentimita 25. Hilo dogo ndilo koyote mwenyewe: moyo na mapafu. Tuliweka sharti kabla ya kuanza, ili tusije tukalipinda baadaye: mchanganyiko wa choki na katriji unakubaliwa ukiweka angalau punje tatu ndani ya duara dogo katika karatasi tatu mfululizo. Karatasi moja nzuri haihesabiki.

Jambo la kwanza lilijitokeza kabla ya kuhesabu punje hata moja. Choki ya bata mzinga ilipeleka mzigo wote juu na kushoto kwa kiganja kizima na zaidi ikilinganishwa na choki zilizokuja na bunduki. Mpwa alikuwa akilenga bega na punje nyingi zikipita juu ya mgongo.

La pili lilikuwa bakshoti kupitia choki hiyo. Punje za 00 hazikupenda kubanwa kiasi kile. Chache zilikwenda pamoja kama rundo, nyingine zikatawanyika hadi nje ya katoni. Punje kubwa za madini ya risasi ni laini. Zikisukumwa kwa nguvu kwenye mlango mwembamba zinagandamizana, zinapoteza uduara, na punje isiyo duara haiendi inakotumwa. Wapo watengenezaji wa choki za bata mzinga wanaokataza kabisa bakshoti ndani yake. Maandishi hayo husomwa kabla ya kununua. Mpwa aliyasoma siku ile.

Bakshoti namba 4 ilikuwa na tabia njema zaidi. Tulichagua katriji za inchi 3 zenye punje 41, zilizopakwa shaba na kujazwa unga wa plastiki katikati ya punje ili zisigongane wakati wa kufyatua. Kwa choki ya F kwenye mita 37 zilikaa vizuri karatasi mbili, ya tatu ikawa na tundu tupu katikati. Kwa choki ya M mtawanyiko ulikuwa mpana kidogo lakini ulijaa sawasawa. Tulipoisogeza katoni hadi mita 27, choki ya M ilitimiza sharti kila mara. Ya F nayo ilitimiza, ila rundo lake lilikuwa dogo, na Mpwa akipiga mnyama anayetembea angehitaji kuwa mpigaji hodari kuliko alivyo.

Jirani alileta katriji chache za tangsteni, metali nzito na ngumu, punje za ukubwa wa T, inchi 0.20. Tangsteni iliyochanganywa kwa ajili ya katriji za aina hii ina uzito wa gramu 12 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, madini safi ya risasi gramu 11.3, chuma cha pua 7.8. Kwa hiyo punje ya T ya tangsteni ni ndogo kuliko ya bakshoti namba 4 lakini inashikilia mwendo wake vizuri kwa umbo lake, na zinaingia nyingi zaidi katika katriji. Kwa choki ya M zilitupa mtawanyiko mzuri kuliko zote hadi mita 45. Hatukuzijaribu kwenye choki ya bata mzinga. Punje ngumu hazikubali kubonyea, na mlango ukiwa mwembamba mno kinachobonyea ni mtutu. Kila katriji ni dola kadhaa. Mzee aliipima mkononi, akauliza bei ya mwana-mbuzi mnadani, akairudisha kwenye boksi.

Uamuzi na sababu zake

Walichagua bakshoti namba 4 ya punje 41, choki ya M, na mwisho wa umbali uwe mita 32. Zaidi ya hapo hakuna kufyatua, hata koyote akiwa amesimama ubavu wazi.

Lakini uamuzi uliobadilisha mambo kuliko wa choki ulikuwa wa kipaza sauti. Tulipopima kwa utepe pale walipokuwa wakikaa hadi pale walipokuwa wakikiweka, tulipata mita 46. Mpwa alidhani ni 30. Mzee alidhani ni 35. Koyote wote wawili walipigwa hapo. Walikuwa wamejipangia wenyewe shabaha iliyo nje ya uwezo wa bunduki yao, halafu wakawa wanatafuta dukani choki ya kuziba pengo hilo.

Mpangilio mpya ulifuata upepo. Koyote akisikia sungura analia haji moja kwa moja. Huzunguka ili aje kutoka upande upepo unakokwenda, apate harufu kwanza. Basi kipaza sauti kikawekwa mita 20 mbele ya mwindaji, upande upepo unakotoka, na mwindaji akakaa upande upepo unakokwenda, ili mzunguko wa koyote umlete karibu na mtutu badala ya kumpeleka mbali nao. Vijiti vitatu vilivyopakwa rangi vikachomekwa kwenye mita 32, kushoto, kati na kulia. Kijiti hakikisii.

Waliamua pia kuwinda alfajiri tu. Usiku unaruhusiwa Texas katika ardhi binafsi kwa idhini ya mwenye ardhi, na wengi wanatumia taa au darubini zinazoona joto la mwili. Mzee hakutaka. Mbwa wa jirani hupita pale.

Matokeo

Katika wiki zilizofuata koyote wawili walipigwa kwa mpangilio huo, wote ndani ya vijiti, wote wakaanguka pale pale. Tulipowachuna kuona kilichotokea, punje zilikuwa zimeingia kifuani, nyingine zimevunja bega na kuendelea mbele. Glavu zilivaliwa, na mizoga ikafukiwa chini ya kutosha ili tai wasile nyama yenye risasi ndani. Texas haikatazi marisau ya madini ya risasi kwa koyote. California imekataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote wa wanyamapori tangu tarehe 1 Julai 2019, na mtu akihama na boksi lake anapaswa kulijua hilo.

Koyote wa tatu alipita nje ya vijiti, akasimama, akawatazama. Mpwa alishusha bunduki. Kwangu hili ni tokeo lenye uzito sawa na wale wawili walioanguka, ingawa Mpwa mwenyewe halipendi kulisimulia.

Vifo vya wana-mbuzi vilipungua. Lakini wakati huohuo Mzee alimchukua mbwa wa kulinda mifugo wa jamii ya Great Pyrenees kutoka kwa mfugaji aliyekuwa akiacha kazi, na wana-mbuzi nao walikuwa wamekua. Mambo matatu yalibadilika kwa pamoja. Anayesema bunduki ndiyo iliyookoa kundi anasema zaidi ya ushahidi uliopo.

Uchambuzi

Chukua hesabu ya kawaida ya vitabu, kisha uione inavyoangukia kwenye kisa. Choki ya F huhesabiwa kuweka asilimia 70 ya punje ndani ya duara la sentimita 76 kwenye yadi 40, yaani mita 37 hivi; choki ya M asilimia 60. Jedwali la zamani la Waingereza linaipa M asilimia 83 kwenye yadi 30, mita 27. Duara dogo la sentimita 25 ni karibu asilimia 11 ya eneo la duara kubwa. Punje zingekuwa zimetawanyika sawasawa, bakshoti namba 4 yenye punje 41 ingeweka punje 3.1 kifuani kwa choki ya F kwenye mita 37. Kwa choki ya M kwenye mita 27 ingeweka 3.7. Choki iliyo wazi zaidi inaishinda inayobana zaidi, kwa sababu ya mita 10 tu. Katikati ya mtawanyiko punje huwa nyingi kuliko pembeni, kwa hiyo hali halisi ni nzuri kidogo kuliko hesabu, na bakshoti haifuati jedwali la marisau ya ndege kwa uaminifu. Uwiano ndio wa kuangalia.

Sasa weka 00. Hata punje zote 15 zikiingia kwenye duara kubwa, jambo ambalo hatukuliona kwenye katoni yoyote, wastani kifuani ni 1.6. Maana yake ni kwamba utampata koyote kwa punje moja, mbili, au hakuna. Kila punje inatosha kuua ikigonga penyewe; tatizo ni kwamba hakuna za kutosha za kuhakikisha itagonga. Kulungu ana kifua kikubwa, 00 inamfaa kwa karibu. Kifua cha koyote ukiondoa manyoya ni chembamba kuliko watu wanavyodhani, na manyoya ya majira ya baridi yanamfanya aonekane ana kilo 25.

Na ile namba 4 ya ndege? Katriji ya bata mzinga ya inchi 3 yenye wakia moja na robo tatu ina punje zaidi ya 230. Kwa hesabu ileile zinaingia zaidi ya kumi na saba kifuani, na kwa choki ya bata mzinga hata zaidi. Kwenye karatasi inapendeza kuliko zote. Lakini gramu 0.2 ikifika mita 46 imechoka, na mbele yake kuna manyoya, ngozi, msuli na mfupa wa bega. Bata mzinga hupigwa kichwani na shingoni, ambapo punje ndogo nyingi ndizo zinazohitajika. Karatasi inapima mahali punje zilipofika; haipimi zitaingia kina gani. Ndiyo maana majaribio ya karatasi peke yake yangeweza kuwadanganya, lau wangeanza nayo kabla ya kujua kuhusu uzito wa punje.

Kilichoshindwa, basi, si kitu kimoja. Katika jaribio la kwanza punje zilikuwa ndogo, katika la pili zilikuwa chache, na katika yote mawili umbali ulikuwa mrefu na choki ilikuwa ikipiga juu kushoto. Waliporekebisha kosa moja, matatu yalibaki. Naona hapa kasoro ya mashauri ya wawindaji kwa ujumla: mtu anakutajia katriji na choki yake, anasahau kukutajia mita zake. Anayewindia Kansas kwenye shamba lililovunwa, ambapo koyote anaonekana toka mbali, anahitaji tangsteni na choki inayobana, au raifo. Anayewindia kichakani anahitaji kuisogeza shabaha.

Kuna mambo mawili ambayo ningeyajadili na Mzee na bado tunayajadili. La kwanza ni vile vijiti. Mita 32 ni ndefu kuliko mita 27 zilizotimiza sharti kila mara. Tulijaribu M kwenye 27 na 37, hatukujaribu 32. Waliichagua kwa sababu korongo lina uwazi unaoishia hapo. Ningependa vijiti virudi 27 hadi katoni za 32 zipigwe. Mpwa anasema koyote wawili waliokufa ni ushahidi wa kutosha. Wote wawili walipigwa wakiwa karibu sana kuliko kijiti, kwa hiyo si ushahidi wa kijiti.

La pili ni kuua kwenyewe. Wafugaji wazee wa eneo lile watakwambia koyote akiondoka anakuja mwingine, na nafasi iliyo wazi haikai wazi. Anayeendelea kuishi karibu na mbuzi bila kuwagusa ni jirani bora kuliko mgeni usiyemjua tabia. Mzee anaelekea kuamini hivyo baada ya kumwona mbwa akifanya kazi usiku kucha bila katriji. Kwa msimu unaokuja wa kuzaa amepanga kuwaingiza majike kwenye zizi la waya wa umeme jioni, mbwa akiwa ndani nao, na bunduki itoke tu kukiwa na mzoga wenye alama kooni. Choki ya M itabaki mtutuni. Ile ya bata mzinga Mpwa ameiuza kwa mtu anayewinda bata mzinga, pamoja na boksi la namba 4.